Kuifundisha Katiba Mbwera: Somo la Haki na Wajibu katika Delta ya Rufiji

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 imeandikwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa sekondari, kwa miaka mingi sasa, amefundishwa habari za Katiba hiyo kwa Kiingereza, ndani ya somo la Uraia. Neno "haki" amelijua tangu utotoni kwa kulisikia kwa bibi yake, kwa shehe, kwa padre na kwa wazee wanaosuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba. Akifika darasani analikuta limegeuka kuwa msamiati wa mtihani. Analikariri, anapata alama zake, na mtihani ukiisha analiacha shuleni pamoja na dawati.

Sisi tunaosoma falsafa tunalo neno la kusema hapa. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika swali la 90 la sehemu ya pili ya Summa Theologiae, anaieleza sheria kwa mambo manne: ni agizo la akili, kwa ajili ya manufaa ya wote, linatolewa na mwenye dhamana ya jumuiya, na linatangazwa. Seminarini tunajadili sana mambo matatu ya kwanza, na lile la nne tunalipita haraka kama vile ni kazi ya mpiga chapa. Lakini Thoma hakuliweka kama pambo. Kwake sheria ni kipimo, na kipimo hakifanyi kazi mpaka kimewekwa juu ya kile kinachopimwa. Anajibu pia swali la mtu ambaye hakuwapo sheria ilipotangazwa: huyo naye anafungwa nayo, kwa kadiri inavyomfikia, au inavyoweza kumfikia, kupitia kwa watu wengine. Ninavyoona mimi, jibu hilo linawaachia kazi wale waliosikia. Kama sheria humfikia jirani kupitia kwetu, basi kuifikisha si hisani.

Makala hii inatokana na majuma machache niliyokaa Mbwera wakati wa likizo, nikisaidia vipindi vya Uraia kwa mwaliko wa mwalimu ninayemfahamu. Kwa wasomaji wasiopajua, Mbwera iko ndani ya delta ya Rufiji, Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani, mahali ambapo mto unagawanyika katika mikono mingi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi, mkabala na kisiwa cha Mafia. Mikoko ya delta hii, takribani hekta 53,000, ndiyo msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Watu wanalima mpunga, wanavua samaki, kamba na kaa, wana minazi. Safari ni za majini, na nahodha hatazami saa, anatazama maji: yamejaa au yamekupwa, ni bamvua au maji mafu. Wengi wa wakazi ni Waislamu, hivyo darasa nililosimama mbele yake lilikuwa karibu lote la watoto wa Kiislamu, na waliniita Frateri bila shida yoyote baada ya kueleza neno lenyewe lina maana gani. Ibara ya 19 ya Katiba, inayolinda uhuru wa imani, tuliianza siku hiyo hiyo bila kupanga.

Tuanzie wapi?

Vitabu huanza na maana ya katiba, kisha mihimili mitatu ya dola, kisha Rais na madaraka yake. Ni mpangilio mzuri kwa mtu anayeishi karibu na Ikulu. Kwa kijana wa Mbwera, Rais ni picha ukutani, Bunge ni sauti ya redioni na Mahakama Kuu iko ng'ambo ya maji. Akianza kusoma juu kushuka chini, atafika kijijini kwake mwishoni mwa muhula, amechoka.

Tulianzia chini. Ibara ya 145 na 146 zinaagiza kuwapo kwa vyombo vya serikali za mitaa hadi ngazi ya kijiji, na zinataja sababu: kupeleka madaraka kwa wananchi. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 ndiyo inayoeleza namna. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha umri wa miaka 18. Mkutano huo ndio mkubwa kwa mambo ya kisera ya kijiji. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, inafanya kazi chini yake na si juu yake. Mikutano ya kawaida inatakiwa kila baada ya miezi mitatu, na hapo mapato na matumizi husomwa.

Niliwauliza wanafunzi: kati ya mwenyekiti wa kijiji na mama anayeuza maandazi pale gatini, nani mkubwa katika mkutano mkuu? Wote walicheka. Kisha tukasoma Ibara ya 8, inayosema kwamba mamlaka yote ya Serikali chimbuko lake ni wananchi. Kicheko kikapungua. Mmoja akasema, "Basi mwenyekiti ameazimwa." Sijawahi kusikia nadharia ya uwakilishi ikielezwa kwa neno fupi kuliko hilo, na nilimwambia hivyo.

Rufiji yenyewe ina mfano wa kihistoria wa jambo hili. Bibi Titi Mohamed, mwanamke aliyesimama na Mwalimu Nyerere tangu siku za mwanzo za TANU na kuwaingiza wanawake kwa maelfu katika harakati za uhuru, alikuwa mbunge wa Rufiji. Mwaka 1965, ndani ya mfumo wa chama kimoja, aligombea na wapiga kura wakamwangusha. Mtu anaweza kuona kwamba walikosea. Mimi mwenyewe sijui ningepiga kura ipi. Lakini wazazi wa bibi na babu za wanafunzi hawa walitumia karatasi kumwambia kiongozi maarufu wa taifa kwamba kile alichoazimwa wanakitaka.

Historia fupi ya sura ya haki

Wanafunzi wengi hudhani kwamba haki zilizo katika Katiba zilikuja na uhuru. Sivyo. Katiba ya uhuru ya mwaka 1961, ya Jamhuri ya mwaka 1962, ya Muda ya mwaka 1965, na hii ya 1977 ilipotungwa, hakuna iliyokuwa na sura ya haki za binadamu zinazodaiwa mahakamani. Viongozi wa wakati ule waliona kwamba nchi changa na maskini ingekwama ikiwa kila hatua ya maendeleo ingeweza kusimamishwa na jaji, tena majaji wenyewe wakati huo wengi wao wakiwa wageni. Hoja hiyo ina uzito wake na si haki kuidharau. Ila ilimwacha mwananchi akitegemea wema wa mtawala. Sura ya haki na wajibu, Ibara ya 12 hadi ya 29, pamoja na ile ya 30 inayoweka mipaka, iliingizwa kwa mabadiliko ya tano ya mwaka 1984, na kuidai mahakamani kukaruhusiwa kuanzia Machi 1988.

Jambo la kifalsafa limo katika Ibara ya 12: binadamu wote huzaliwa huru na sawa. Neno ni "huzaliwa". Katiba haisemi kwamba inatoa uhuru huo, inasema inaukuta. Mtakatifu Papa Yohane wa XXIII alijenga waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963 juu ya msingi huo huo, kwamba haki na wajibu hutoka katika asili ya mtu mwenyewe, naye akaziorodhesha moja moja. Mwanafunzi akielewa hapo, hataogopa kwamba Katiba ikibadilishwa utu wake utabadilika. Na hatadhani pia kwamba mtu ambaye hajaisoma Katiba ana haki pungufu.

Kesi ya mabwawa ya kamba

Hapa ndipo somo lilipokuwa somo la kweli, kwa sababu delta ya Rufiji imewahi kuwa uwanja wa mojawapo ya mabishano makubwa ya mazingira na haki katika nchi yetu. Katika miaka ya 1990, kampuni iliyoitwa African Fishing Company iliomba kujenga mabwawa ya kufugia kamba katika delta. Eneo lililotajwa lilikuwa karibu hekta 10,000, na gharama dola za Marekani milioni 192. Ungekuwa mmoja wa miradi mikubwa ya namna hiyo duniani. Waliounga mkono walitaja ajira, barabara, fedha za kigeni. Waliopinga walitaja mikoko, mazalia ya samaki na kamba wa asili, na maelfu ya watu wanaoishi humo.

Baraza la Taifa la mazingira, NEMC, lilishauri mradi usikubaliwe. Mwaka 1997 Baraza la Mawaziri likaukubali. Wakati huo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira haikuwapo. Ilitungwa mwaka 2004, ndipo tathmini ya athari kwa mazingira ikawa lazima kisheria kwa miradi ya aina hii. Wanakijiji wa delta, wakisaidiwa na wanasheria wa mazingira wa LEAT, walikwenda Mahakama Kuu. Waandishi wa habari za mazingira, kupitia chama chao cha JET, waliliweka suala hilo magazetini hadi likajulikana nje ya nchi. Mradi haukujengwa. Ukipita leo kwa boti, mikoko inayoonekana pande zote mbili ni ile ambayo sehemu yake ingekuwa mabwawa.

Niligawa darasa mafungu matatu: kampuni, Serikali na kijiji. Kila fungu lilipewa nakala ya Katiba kwa Kiswahili na kazi moja, kutafuta ibara ya kusimamia. Fungu la kijiji lilipata upesi Ibara ya 18, inayompa kila mtu haki ya kupewa taarifa juu ya mambo muhimu kwa maisha yake na jamii. Likapata Ibara ya 24, inayolinda umiliki wa mali na kukataza mtu kunyang'anywa bila sheria yenye masharti ya fidia inayostahili. Fungu la Serikali likanishangaza: likaegemea Ibara ya 30, kwamba haki zina mipaka na manufaa ya umma yanaweza kupunguza haki ya mmoja. Kijana aliyelisemea alijenga hoja vizuri kiasi kwamba kijiji kilikaa kimya kwa muda.

Kisha binti mmoja wa kidato cha tatu akauliza swali ambalo mimi naliona ndilo kiini cha somo zima: "Kampuni ingekuja na hati. Sisi tungeonesha nini?"

Jibu lipo, na kila mwanakijiji wa Tanzania angepaswa kulijua. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwenzake. Wakulima hao, baba na mwana, walikuwa na ardhi kwa desturi, bila hati. Mahakama ikasema kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali kwa maana ya Ibara ya 24, na kwamba mwenye nayo hawezi kunyang'anywa bila fidia ya haki. Miaka mitano baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 ikaweka utaratibu wa hati za haki miliki ya kimila. Kwa hiyo mzee aliyepanda minazi na kulithishwa shamba na baba yake, huku mashahidi wakiwa ni majirani, hana mikono mitupu.

Sitaki kumdanganya msomaji, wala sikuwadanganya wanafunzi. Mikoko yenyewe ni hifadhi ya msitu chini ya usimamizi wa Serikali, si ardhi ya kijiji. Anayefyeka mikoko ili apande mpunga hawezi kujificha nyuma ya uamuzi wa Akonaay, na Ibara ya 27 inampa kila mtu wajibu wa kulinda maliasili ya taifa. Upande mwingine, kuna familia zilizolima mpunga humo tangu zamani na hazina pengine pa kulima. Mgogoro huo ni hai na ni mgumu, na mwalimu asiutatue ubaoni kwa dakika 40. Nilichowaomba ni waandike hoja za pande zote mbili kwa namna ambayo kila upande ungekubali kwamba umesemwa kweli. Thoma alifanya hivyo kabla ya kila jibu lake.

Kuna kesi nyingine inayofaa kufundishwa sambamba na hii, nayo ni ya Joseph Kessy na wakazi wenzake wa Tabata, Dar es Salaam, waliokuwa wakivuta moshi na harufu ya jalala la Jiji. Mahakama Kuu, kwa Jaji Lugakingira, iliiunganisha haki ya kuishi ya Ibara ya 14 na mazingira yasiyoua. Watoto wa delta hawahitaji kuelezwa kirefu uhusiano wa maji safi na uhai.

Binti na umri wa ndoa

Ibara ya 13 inakataza sheria ya kibaguzi. Mfano wa kwanza niliotumia ni wa Bukoba. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake, akaiuza. Mtu wa ukoo wake, Bernardo Ephrahim, akapinga kwa kuwa mila haikumruhusu mwanamke kuuza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akaamua kwamba baada ya sura ya haki kuingia katika Katiba, mila hiyo haiwezi kusimama dhidi ya usawa. Wavulana walinuna kidogo. Wasichana walinakili jina la kesi.

Mfano wa pili ulikuwa mzito zaidi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu mvulana kuoa akiwa na miaka 18, na binti kuolewa akiwa na 15 kwa ridhaa ya mzazi, hata 14 kwa kibali cha mahakama. Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2016 vifungu hivyo vya 13 na 17 vikatamkwa kuwa vinapingana na Katiba. Serikali ikapewa mwaka mmoja kuvirekebisha. Mwanasheria Mkuu akakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaushikilia uamuzi. Miaka ikapita bila Bunge kubadilisha sheria.

Mwalimu Mkatoliki akifundisha hili mbele ya watoto wa Kiislamu, anaweza kuingia katika mtego wa kuwaonesha kidole. Asifanye hivyo, tena ana sababu ya unyenyekevu nyumbani kwake: Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1083, inaweka umri wa chini wa ndoa halali kuwa miaka 16 kwa mwanamume na 14 kwa mwanamke, ikiziachia Baraza za Maaskofu kuweka umri mkubwa zaidi ili ndoa ifungwe kwa ruhusa. Niliwasomea kanuni hiyo. Nadhani iliwasaidia kuona kwamba swali haliulizi dini ipi imekosea, linauliza binti wa miaka 15 aliye kidato cha pili anapoteza nini na nani anampa nafasi ya kusema. Ni vema pia wazazi wa parokia zetu wajue kwamba tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwamo waliopata ujauzito, kurudi shuleni. Wapo wasiojua bado.

Ibara ya 13 na 14 katika ardhi ya Kibiti

Huwezi kufundisha haki ya kuishi Kibiti na ukapita kimya juu ya miaka ya 2016 na 2017. Wenyeviti na watendaji wa vijiji waliuawa, baadhi nyumbani kwao usiku. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa siku moja. Watu walihama. Wengine walipotea na ndugu zao hawajui waliko. Mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiandikia gazeti la Mwananchi kutoka Kibiti, alitoweka tarehe 21 Novemba 2017. Wanafunzi ninaowazungumzia walikuwa watoto wadogo, lakini si kwamba hawakumbuki.

Sikuwaomba wasimulie. Kuna majeraha ambayo darasa si mahali pa kuyafungua, na mgeni wa majuma machache si mtu wa kuyafungua. Tulisoma tu maandishi. Ibara ya 14: kila mtu ana haki ya kuishi na kulindwa na jamii. Ibara ya 13, ibara ndogo ya 6: mtu asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike kwamba ana hatia, na asiteswe wala kudhalilishwa. Ibara ya 15: asikamatwe ila kwa utaratibu wa sheria. Kisha nikauliza: maneno haya yanamlinda nani? Wakataja mwanakijiji, askari, mwenyekiti. Baada ya kimya kirefu mvulana wa nyuma akasema, "Hata anayesingiziwa." Nikamwuliza, na ambaye hakusingiziwa, aliyeua kweli? Akafikiri. "Huyo naye apelekwe mahakamani."

Ndugu mafrateri, tunasoma kurasa nyingi juu ya utu ambao hauondoki hata kwa dhambi. Muuaji wa mwenyekiti wa kijiji alivunja Ibara ya 14. Yeyote anayemchukua mshukiwa na asimfikishe mbele ya hakimu anavunja ibara zile zile, haidhuru ana nia gani. Mtu akisema kwamba hali ya hatari inaruhusu kuzisahau, na aulize ziliandikwa kwa ajili ya siku gani.

Mipaka, na kwa nini elimu hii ni ya lazima sasa

Mwalimu mwaminifu afundishe pia pale Katiba inapoishia. Haki ya kujielimisha imetajwa katika Ibara ya 11, lakini Ibara ya 7 inasema wazi kwamba malengo ya sehemu hiyo hayawezi kudaiwa mahakamani. Mtoto wa delta asiye na mwalimu wa hisabati hawezi kuishtaki Serikali kwa ibara hiyo. Wanafunzi waliona jambo hili ni la ajabu, nami nilikubaliana nao. Mchakato wa Katiba mpya, ulioanza na Tume ya Jaji Joseph Warioba mwaka 2012 na kuzaa Katiba Inayopendekezwa mwaka 2014, ungeweza kugusa mambo kama haya. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 iliahirishwa.

Kuna mabadiliko ya sheria yaliyoifanya elimu hii kuwa ya haraka kuliko watu walivyodhani. Ibara ya 26 inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba, na katika miaka ya 1990 Jaji Lugakingira, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, alikubali kwamba mtu anaweza kufungua shauri kwa manufaa ya umma. Lakini mwaka 2020 Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu Muhimu ya mwaka 1994 ilirekebishwa: aliyefungua shauri la haki za msingi alitakiwa aape jinsi uvunjaji huo ulivyomgusa yeye binafsi. Tafakari maana yake kwa Mbwera. Mwanaharakati wa Dar es Salaam ambaye hakuguswa hakuweza tena kwa wepesi kusimama badala ya mvuvi wa delta. Mvuvi mwenyewe ndiye aliyepaswa kujua kwamba ameguswa, ni kwa ibara ipi, na kwamba Ibara ya 30 inampa mlango wa Mahakama Kuu. Asingejua, hakuna ambaye angejua kwa niaba yake.

Baadhi ya waamini huuliza kama frateri anaruhusiwa kushughulika na mambo haya. Kanuni ya 287 inawakataza makleri kushiriki kikamilifu katika vyama vya siasa. Kusoma Ibara ya 146 na vijana si kujiunga na chama. Nilichokuwa na uangalifu nacho ni kutotaja jina la kiongozi wa kijiji aliye madarakani katika mifano, na kumwalika mwenyekiti na mwalimu wa madrasa waketi darasani kama wangependa. Mwenyekiti alikuja siku ya somo la mkutano mkuu. Aliposikia kipengele cha mapato na matumizi alitikisa kichwa, akasema mbele ya wanafunzi kwamba wakifikisha miaka 18 waje wayadai, kwa kuwa watu wazima wengi hawaji.

Kwa jumuiya ndogondogo na vikundi vya vijana watakaopenda kujaribu, maswali tuliyotumia ni haya. Mkutano mkuu wa mwisho wa kijiji au mtaa wako ulikuwa lini, na nini kilisomwa? Shamba la familia yako likiulizwa kesho, nani anaweza kushuhudia, na je, wapo hai? Kati ya Ibara ya 12 na ya 29, ni ipi ambayo wewe mwenyewe umewahi kuivunja kwa jirani? Swali la mwisho lilichukua muda mrefu kuliko yote, na hatukulimaliza.

Nakala za Kiswahili za Katiba zinapatikana na kuchapwa kirahisi. Ukurasa wa Ibara ya 12 hadi ya 30 unatosha kuanzia. Kwa anayekwenda delta, azipakie katika ndoo yenye mfuniko, maana mifuko ya plastiki imekatazwa tangu Juni 2019 na mawimbi ya kwenye mlango wa bahari hayajali kilichomo kwenye begi. Na aulize kwanza Nyamisati maji yanajaa saa ngapi.